Kilo za Radi ya Rau

Jumatatu, 1 Desemba 1997

Nimepata wazo. Kubwa! Nashangaa halikunijia miaka yote hii.

Shida yangu kwenye ngumi haijawahi kuwa ngumi. Ni uzani. Huku kwenye kilo sabini na tisa kumejaa watu wakorofi, na wote wameshanipiga. Mmoja kanipiga mara mbili, ya pili kwa kusahau kwamba alishanipiga. Lakini uzani wa juu! Mkoa mzima wako wawili tu. Mmoja ameokoka na hapigi tena mtu. Amebaki Gidioni wa mashamba ya miwa, pande la mtu, lakini mzito wa kugeuka. Nikiingia tu, tayari mimi ni wa pili kwa ubora.

Nimekwenda kwa Bwana Wenseslaus, mwandaaji wa mapambano. Kasema kweli Gidioni anatafutiwa mpinzani wa tarehe 26, ukumbi utajaa watu waliorudi nyumbani kula Krismasi. Mshindi anakwenda Dar kupigania mkanda. Sharti ni moja: siku ya kupima, tarehe 24, nifike kilo themanini na sita. Nisipofika, nafasi anapewa mlinda mlango wa baa yake, na mimi nisimwonyeshe sura tena. Nina miaka thelathini na minne. Nafasi nyingine haiji.

Radi ya Rau, ndilo jina langu la ulingoni, anapanda uzani!

Jumatano, 3 Desemba

Nikikaa kwangu Rau sitanenepa. Najipikia mwenyewe, na napika vibaya. Nimepanda kijijini Uru kwa kaka Thadeus. Mkewe, shemeji Digna, amejifungua mtoto wa kiume juzi juzi. Mungu ni mwema! Nyumba yenye mzazi huku kwetu ni nyumba ya mtori: ndizi, nyama ya mafuta, siagi, asubuhi, mchana na jioni, miezi mitatu mfululizo. Nikasema nimekuja kumwona mtoto. Nimemwona. Ni mtoto.

Sufuria anailinda Mama yetu mwenyewe. Nimempa shikamoo ya heshima. Akaitikia, akaniuliza nimeleta nini. Nikamwambia nimejileta.

Alhamisi, 4 Desemba

Mizani ya maana kijijini ni ya Eliakim, mnunuzi binafsi wa kahawa. Alifungua kibanda njia panda mara watu binafsi waliporuhusiwa kununua. Kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Nikapanda juu ya mizani yake. Sabini na nane! Nimesikitika sana. Suruali zote zinanibana tangu Oktoba, nilidhani nimeshafika mbali. Eliakim kasema mizani yake haijawahi kumwonea mtu. Wakulima kwenye foleni wakacheka, sijui kwa nini.

Kaka Thadeus hakucheka. Anasema kahawa yake ikitoka nyumbani ni nyingi, ikifika hapa ni kidogo. Eliakim kamweleza kwamba kahawa hukauka njiani. Wakati huo mvua ilikuwa inatupiga wote, lakini mimi nimemwelewa. Kaka ni mbishi tu.

Jumapili, 7 Desemba

Nimesingizia tumbo, wakaenda kanisani bila mimi. Shemeji amelala. Sufuria iko peke yake, inatia huruma. Nikala mpaka nusu, nikajazia maji ya moto, nikakoroga vizuri.

Shemeji alipoonja tu akasema mtori umebatizwa. Mama akanigeukia, akaniuliza mimi nimejifungua lini. Kanifukuza. Nimelala kwenye banda la mbuzi.

Jumatatu, 8 Desemba

Asubuhi nikachuma jani la sale pale mpakani mwa shamba, nikalipiga fundo, nikampelekea Mama kwa mikono miwili. Mchagga akiletewa sale anasamehe, hata kama ni kesi ya damu. Mama kaniangalia mpaka nikaona haya. Kasema babu yangu aliletewa sale na watu waliomchomea nyumba, na mimi namletea yeye kwa ajili ya mtori. Lakini kalipokea. Angefanya nini? Saa ya chakula cha mchana nilikuwa jikoni.

Jumamosi, 13 Desemba

Kwa Eliakim: themanini na moja. Inakwenda! Mazoezi nimesimamisha, yanapunguza.

Mama sasa anaficha sufuria chini ya kitanda cha mzazi. Nikajitolea kufua nepi ili niingie chumbani. Nimekamatwa nikiwa na kijiko. Sale la pili.

Jumatano, 17 Desemba

Shemeji kaniita. Nikajua matusi yanakuja. Hakutukana, na ingekuwa afadhali. Mtoto analia, maziwa yamepungua. Akaniambia taratibu: "Shemeji, mimi nanyonyesha mtoto mmoja tu."

Nilijisikia vibaya kweli kweli. Nikachuma sale la tatu, nikamwapia sitagusa tena. Kapokea, machozi yanamlenga.

Jioni Mama alipakua na ukoko ukabaki chini ya sufuria. Ukoko si mtori.

Jumanne, 23 Desemba

Themanini na sita! Nimeibusu mizani. Eliakim kanipa mkono. Ndiye mtu pekee Uru anayenitakia mema.

Jumatano, 24 Desemba

Siku ya kupima. Nimeshuka mjini na kaka. Gidioni yupo, anakula muwa. Nikavua shati, nikapanda mizani ya daktari wa ngumi.

Tisini na tano.

Ukumbi mzima ukapiga mluzi. Nikamwambia daktari mizani yake ni mbovu, inanitukana. Yeye kabeba mfuko mpya wa saruji wa kilo hamsini, uliobaki kwenye ukarabati wa ukumbi, akauweka juu. Hamsini kamili. Nikasema basi na saruji imenenepa.

Kaka Thadeus akanishika mkono. Kaniuliza siku ile ya kwanza kwa Eliakim nilisoma ngapi. Nikamjibu, sabini na nane. Akahesabu kwa vidole tofauti ya mizani mbili. Akasema kumbe siku ile ile nilikuwa nimeshafika, ule mtori wote nimemnyang'anya mkewe bure. Halafu akasema, na kahawa yetu je? Msimu mzima? Akatoka mbio kupanda Uru bila kuniaga. Sijaelewa kahawa inahusikaje na ndondi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Baada ya misa wanaume wamenibeba juu juu mpaka kibandani kwa Eliakim. Nilidhani ni mashabiki. Mtendaji wa kata yupo, mfuko wa saruji upo. Saruji ikapandishwa: arobaini na tano! Watu wakaguna. Nikapandishwa mimi: themanini na sita. Kaka akatangaza kwamba mjini jana nilikuwa tisini na tano, na ukumbi mzima ni shahidi. Hapo ndipo makelele yalipolipuka. Wamenishusha, wamenipandisha tena ili waliochelewa waone. Akina mama wakapiga vigelegele. Maisha yangu yote ya ulingoni sijawahi kushangiliwa hivyo, na sikufanya kitu, nilisimama tu.

Eliakim alikuwa ameshachepukia migombani. Kalamu moja imebaki mezani.

Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ikakatwa, mimi nikapewa bega zima. Hata Mama kanitabasamia. Nimekula kwa heshima ya kijiji.

Ijumaa, 26 Desemba

Bukta haikupanda. Nimepigana na kaptura ya kaka, nimeifunga kwa kamba ya mbuzi.

Raundi ya kwanza nilikuwa mzuri. Gidioni kweli ni mzito wa kugeuka, lakini na mimi nilikuwa mzito wa kumzunguka. Tulitazamana sana. Kengele ikalia, nikaenda kukaa kwenye kona yangu. Kengele ya pili ikalia. Miguu ikakataa. Nikamwambia refa anisubiri kidogo, naja. Akaanza kuhesabu. Alipomaliza nilikuwa bado naja.

Gidioni mwenyewe kaja kuniinua, na wenzake wawili. Ndiye atakayekwenda Dar. Bwana Wenseslaus kasema mlinda mlango wake angalau angesimama. Mbele za watu wote! Niliumia moyo, nisiseme uongo. Nimelia kidogo nyuma ya ukumbi.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Eliakim kapatikana Bomang'ombe, amejificha kwa mjomba wake. Mtendaji kamrudisha, na anawalipa wakulima mmoja mmoja, kaka wa kwanza. Kaka kamnunulia shemeji mbuzi wa maziwa. Mtoto ananenepa.

Mizani ile mbovu ikaamriwa ivunjwe. Nikaomba kazi hiyo nipewe mimi, kwa uchungu nilio nao. Wakanielewa, wakanipa na nyundo.

Mizani iko chini ya kitanda changu, Rau. Nzima.

Maana nimefikiri. Uzani wa juu haukuwa wangu, nilidanganywa na tamaa. Wangu ni ule ule wa sabini na tisa, na Bwana Wenseslaus ana pambano la Pasaka. Asubuhi hii nimepanda: themanini na tano! Juzi ilikuwa themanini na sita. Kinachobaki ni kumshawishi daktari aje kunipimia nyumbani. Kwa mizani hii mtu anakula mpaka Pasaka na bado anapanda ulingoni mwepesi.

Kesho napanda Uru kumwona mtoto. Nimeshachuma masale matatu. Mawili ya Mama, moja la shemeji.