Picha Mkwaju Mayai

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi! Yaani, nimepata wiki moja ya kujaribiwa. Lakini Mama ameshawatangazia majirani kwamba nimepata kazi, kwa hiyo nimepata kazi.

Ni kwa Shangazi, dada yake Baba, mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Ndani mna mayai mia tano. Yataanguliwa Jumamosi. Mama Mabanda, mteja mkubwa anayeishi mbali, anataka kuyaona kwa macho yake kabla hajaagiza vifaranga wa mwaka mzima. Ndiyo maana Shangazi amenunua kamera. Imefungwa ukutani, inatazama mlango wa kioo wa mashine. Kila dakika kumi inapiga picha na kuituma kwenye ukurasa wetu wa mtandao. Inatakiwa kuituma, yaani.

Shangazi aliniuliza kama ninaelewa mambo ya mtandao. Nikaitikia kwa kichwa. Kukubali kunahitaji kichwa tu. Kukataa kunahitaji maelezo.

Sharti ni hili: picha zikionekana kabla ya Jumamosi, kazi ni yangu. Zisipoonekana, anamchukua Injinia, mpwa wa mume wake. Si injinia. Aliwahi kutengeneza kengele ya mlangoni, na tangu siku hiyo ukibonyeza kengele taa ya chooni inawaka.

Fundi wa mtandao alinipigia simu akanisomea maelekezo kwa kasi ya mtu wa mnadani. Kwenye nafasi ya folda, akasema, andika picha mkwaju mayai. Nikaandika kama nilivyosikia: pichamkwajumayai. Nilijiuliza mkwaju unahusiana vipi na mayai. Ningemuuliza, lakini alishasema sawa dada, na mimi nilishasema sawa.

Nikabonyeza. Kamera ikaandika: Picha imetumwa. Nikafungua ukurasa. Mweupe kama yai.

Jumanne, 5 Machi

Kamera inasema imetuma. Ukurasa unasema haujapokea. Mmoja wao ni mwongo.

Nimezima ruta na kuiwasha mara tisa. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha nenosiri, nikalisahau, nikalibadilisha tena. Nimepanda juu ya kreti nikaifuta kamera jicho. Kila mara jibu ni lile lile: Picha imetumwa. Inasema kwa upole. Hapo ndipo inaponichoma.

Kumpigia fundi? Nilishika simu nusu saa nzima. Kwanza nikajizoeza mbele ya mayai: samahani kaka, nakusumbua kidogo tu. Mayai yalisikiliza vizuri. Moja la mstari wa tatu, lenye doa, lilionekana kunielewa kuliko mengine, nikalieleza tatizo lote tangu mwanzo. Nilijisikia nafuu. Fundi sikumpigia.

Injinia alipita mlangoni akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikasema kamera inaendelea vizuri. Akasema hakuwa anaulizia kamera.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi Mama Mabanda alimpigia Shangazi kuuliza picha ziko wapi. Shangazi akanitazama. Sijui mdomo wangu uliyatoa wapi maneno. Nikasema zinaanza saa tatu kamili.

Na saa tatu kamili zilianza! Akili ni nywele, na leo nimezisuka. Kamera ni mimi. Nimesimama juu ya kreti, chini kidogo ya kamera yenyewe, mkono juu, simu yangu mkononi. Napiga picha, naiweka kwenye ukurasa mwenyewe, nangoja dakika kumi, napiga tena. Nenosiri la ukurasa fundi alinipa Jumatatu. Hilo sikulisahau.

Shangazi aliutazama ukurasa akasema kweli damu nzito kuliko maji. Nilitaka kulia, lakini ilikuwa saa nne na dakika ishirini na nilikuwa na picha ya kupiga.

Alhamisi, 7 Machi

Mama Mabanda amepiga tena. Anauliza kwa nini kamera yetu ina kidole gumba. Anauliza pia kama inapumua, maana kioo kimejaa ukungu. Shangazi akaniagiza niifute. Nimeifuta. Nimekata pia kucha ya kidole gumba.

Injinia ana hoja mbaya zaidi. Amemwambia Shangazi, mbele yangu, kwamba hajawahi kuona kamera inayokwenda kula na kulala. Saa saba mpaka saa nane hakuna picha, jana na leo, na usiku kucha hakuna. Shangazi akasema labda inapoa. Nikadakia kwamba ndiyo, inapoa. Injinia akasema sawa, ila leo imepoa ikarudi na punje ya wali shavuni.

Nikapangusa shavu. Kumbe hakukuwa na punje! Alikuwa ananipima. Nimepimika.

Ijumaa, 8 Machi

Sikula mchana. Kamera imefanya kazi bila kupumzika. Mkono wa kulia una ganzi mpaka begani.

Nimeamua kukiri. Si kwa ujasiri, kwa uchovu. Lakini Mama ameshamwambia mwenye duka, fundi cherehani na daktari wa meno kwamba binti yake ni mtaalamu wa mitandao. Nikifukuzwa nitapita njia gani kurudi nyumbani? Zote zina watu.

Nikajizoeza mbele ya trei: Shangazi, nisamehe, kamera ni mimi. Nikalisema mara nne kwa sauti nne. Ya nne ilikuja na machozi, na hayo hayakuwa ya mazoezi. Hapo hapo Shangazi akaingia kuuliza kuna nini. Nikasema joto la mashine liko sawa.

Hilo ndilo nililokiri.

Jioni Injinia akatangaza kwamba amempigia fundi, kwa faida ya familia. Anakuja kesho asubuhi. Faida ya familia!

Jumamosi, 9 Machi

Fundi alifika saa mbili. Mayai yalishaanza kupasuka, midomo midogo inachungulia. Hakuyatazama. Akafungua kompyuta ya Shangazi, akaingia kwenye seva. Kisha akauliza nani alifungua folda inayoitwa pichamkwajumayai, yote kwa mkupuo.

Nikainua mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa haunyanyuki.

Akaniuliza kama siujui mkwaju. Nikasema naujua sana, ni mti, matunda yake makali. Fundi akajibwaga juu ya gunia la chakula cha kuku akacheka mpaka akashika mbavu. Dada yangu, akasema, mkwaju ni kile kistari cha kuinama. Akanichorea kwenye gunia: picha/mayai.

Kumbe kamera haikudanganya hata siku moja! Picha zote zilifika. Zilikaa kwenye folda ambayo hakuna mtu aliyejua ipo. Mia sita themanini na tatu.

Nilitaka kusema ngoja. Kabla sijafika kwenye ngo, fundi alishazihamisha zote kwenye folda sahihi, na zote zikamwagika kwenye ukurasa. Na Mama Mabanda alikuwa anatazama.

Mimi nimeliinamia yai nikilieleza mambo. Mimi ninalia mbele ya trei. Mimi juu ya kreti, mkono hewani, nikiwa kamera, nimepigwa picha na kamera. Utosi wangu, picha mia moja na zaidi. Injinia alicheka mpaka zikafika picha zake kumi na moja, anachana nywele kwenye kioo cha mashine. Katika ya mwisho anakibusu kioo. Akaenda kutazama kengele.

Simu ikalia. Shangazi alisikiliza muda mrefu, akisema ee, ee, ni mtoto wa kaka yangu, ee. Nilikuwa nahesabu hatua za kufika nyumbani kwa njia ya vichochoroni.

Alipokata simu akasema Mama Mabanda anaagiza vifaranga wa mwaka mzima. Amesema hajawahi kuona mayai yakibembelezwa hivyo, na kama yai linafanyiwa haya, kifaranga je?

Kazi ni yangu! Ila si ya kamera. Kamera kapewa Injinia. Shangazi amesema alidhani sina ulimi, kumbe naongea na mayai kutwa nzima, basi ulimi huo ufanye kazi. Kuanzia Jumatatu mimi ndiye wa kupokea simu za wateja.

Simu! Zenye watu ndani!

Jumatatu, 11 Machi

Simu ya kwanza ililia saa mbili na nusu. Ikalia. Ikazidi kulia. Moyo nao ukalia. Ndipo likanijia wazo. Nikapokea, nikabana pua, nikasema bila kupumua: Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye.

Akakata! Wa pili naye akakata. Wa tatu alijaribu mara nne, na mara zote nne sikutetereka. Sijui kwa nini watu huogopa kazi hii.

Saa nne akapiga Shangazi kutoka mjini. Nilianza vizuri kabisa, kwa sauti ile ile ya mashine. Akauliza hiyo ni namba ya ofisini kwake kweli? Mashine ikasita kidogo. Kisha ikasema: Shikamoo, Shangazi.

Kasoro ni moja tu, adabu. Kuanzia kesho mashine haisalimii mtu.