Ombi la Kuruhusiwa Kutafuna Karanga kwa Skrubu Mpya

Kwa Daktari wa Meno, mwanangu na mwanafunzi wangu wa zamani,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili imo ile skrubu ya kushikilia jino jipya uliyoipandikiza kwenye taya langu, ukaagiza isiguswe mpaka mfupa uishike. Ulisema mfupa wangu ni mwembamba, na skrubu hii ikilegea hapatabaki mahali pa kupandikiza nyingine. Nilikusikia. Sasa nisikilize na mimi.

1. Fizikia nilikufundisha mwenyewe. Nilisimama mbele yenu, chaki hadi kwenye nyusi, nikaeleza kwamba mkazo ni nguvu ikigawanywa kwa eneo inapoangukia. Karanga moja ina nguvu gani? Tena mfupa ni kitu hai: ukiupa kazi unaimarika, ukiulaza unanyong'onyea. Wewe unasema hayo ni ya mfupa uliokwisha kupona. Kwamba sasa hivi skrubu ikitikisika, itazungukwa na nyama laini badala ya mfupa, icheze kama jino la mtoto. Ulinieleza polepole, kwa mchoro. Kwa nini hukuwa hivi darasani?

2. Umemfanya mke wangu askari wa taya. Ananikagua mifuko ya koti. Jana alizikuta karanga, akazimwaga mezani: "Baba, hilo taya ni la daktari, wewe ni mpangaji tu." Nikaanza kumweleza habari za mkazo. Akaniongezea supu.

3. Supu hiyo nakula sufuria moja na mjukuu wangu ambaye hajaota hata jino. Yeye humaliza kwanza, kisha ananitazama kwa huruma.

4. Nilikuja kwako kwa sababu meno ya kubandika yaliniaibisha. Nilikuwa nawaeleza wakwe zangu kwa nini daraja halianguki, yakaruka hadi kwenye bakuli la mkwe mkubwa. Habari za daraja hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wakwe hao hao wanakuja Jumamosi, nami nataka wanione nikitafuna. Haraka yangu si ya tumbo, ni ya heshima.

Kwa hiyo naomba kibali chenye muhuri kinachoniruhusu karanga na, moyo wako ukipenda, muwa. Nakala apewe mke wangu, ila mimi nisiwepo chumbani akiisoma.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule aliyenishika mkono nilipokuwa najifanya siogopi. Watoto wako pia, na mama yao.

Ni mimi mwalimu wako, mwenye hoja nyingi kuliko meno,
Mzee Mkazo (jina mlilonipa mkidhani silijui)

Nyongeza: Nilipokwisha kusaini, niliamua kumthibitishia mke wangu hoja yangu ya kwanza kwa vitendo. Nilichimba tundu ukutani, nikachomeka ndoano kwa saruji, na saruji ikiwa bado mbichi nikatundika saa na kuanza kueleza. Sikufika kwenye kugawanya. Saa ilishuka na ndoano, na kipande cha ukuta. Mke wangu hakucheka. Aliliangalia tundu, kisha akaliangalia shavu langu. Mwanangu, kibali usinipe hata nikilia. Wakwe watanikuta na supu yangu. Tundu nimeliziba upya, na mke wangu ameweka kiti mbele ya tundu, amekaa kulilinda mpaka saruji ishike.