Lebo ya Asali Iliyopitishwa na Kamati

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Tabora na vitongoji vyake kwamba mgogoro wa muda mrefu kati ya programu ya kuchorea ya ofisi na programu za kuchorea za mitaani umemalizika rasmi. Aliyeumaliza ni mimi, Wilbroad, Afisa Mwandamizi wa Idara ya Maridhiano ya Mafaili ya Michoro, Kanda ya Magharibi. Wapo watakaowaambia vinginevyo. Hao wana wivu.

Idara yetu iliundwa baada ya kugundulika kwamba faili likichorwa kwenye programu moja na kufunguliwa kwenye nyingine, herufi hukimbia. Tuna viti kumi na viwili, kompyuta moja na muhuri. Mji huu umepitisha mizigo tangu enzi za misafara, na sijasikia mzigo uliorudishwa kutoka pwani eti kwa sababu kule wanatumia programu tofauti. Lakini zamani ni zamani.

Jumatatu aliingia Mama Josepha, katibu wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki wa Ipole, amepakata chupa ya asali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tatizo?"

Akaeleza. Chupa mia sita zimejaa, asali ya msimu mzima. Mnunuzi wa Dar analeta gari Ijumaa saa sita mchana, na chupa isiyo na lebo haipakiwi. Wasipowahi, anakwenda kununua kwingine na hawamwoni tena.

Nikamwambia atulie, yuko mikononi mwa serikali. Nilichora lebo mwenyewe: nyuki, mzinga na jina Asali ya Ipole. Jumanne nikampelekea Adinani, fundi wa uchapaji pale karibu na soko, faili likiwa kwenye flashi. Hazikupita dakika kumi akapiga simu.

"Mzee Wilbroad, nimelifungua. Nyuki hana mbawa, mzinga umekuwa mraba mweusi, na maandishi yote ni visanduku vitupu."

"Unatumia programu gani?"

"Hii hii yangu ya siku zote. Haisomani na ya kwenu. Fanya hivi mzee, lihifadhi kama PDF, nirushie wasapu. Dakika mbili tu."

Dakika mbili! Mtu anayependekeza kazi ya dakika mbili kwa ofisi yenye viti kumi na viwili hajui anazungumza na nani. Kanuni yetu ya nne inasema faili litasafirishwa katika umbo lake la asili. Nikaitisha kamati.

Kamati ilikaa Jumatano nzima, pamoja na maandazi. Mama Josepha alikuwa kwenye benchi la nje na chupa yake. Azimio lilikuwa la kihistoria: kwa kuwa faili halisafiri, karatasi isafiri. Lebo ichapwe kwenye karatasi, izungushwe kwa wajumbe wote, kila mmoja aandike dokezo lake pembeni na kusaini kama ilivyo desturi ya majalada, igongwe muhuri, iskaniwe, ndipo ipelekwe kwa fundi.

Kila mmoja aliandika. Mmoja aliandika "Nimeona." Mwingine akaandika "Nimeona kwamba ameona." Veneranda, mwanasheria wetu, alisita kidogo, akanong'ona, "Lakini Mkurugenzi ataielewa hii?" Nikamwandikia dokezo fupi la kumtuliza, pale pale pembeni ya mzinga. Akasoma, akacheka, akasaini. Mkurugenzi wa Kanda, Ndugu Ezekia, alisaini akiwa amesimama, maana gari la kumpeleka semina lilikuwa linanguruma nje.

Alhamisi asubuhi Adinani akapiga tena. Niliweka simu kwa sauti ili Mama Josepha ashuhudie utendaji.

"Mzee, muhuri wa IMEPOKELEWA umekaa juu ya uso wa nyuki. Na pembeni kuna maneno ya kalamu, mengine mzee sidhani kama..."

"Uliambiwa uyasome?"

"Hapana, lakini nikiyafuta ni..."

"Adinani! Hayo ni maneno ya kamati. Chapisha mia sita, uzilete ofisini. Usiongeze, usipunguze."

Mama Josepha alisimama.

"Mzee, nimekuheshimu siku nne. Akina mama arobaini wameumwa na nyuki msimu mzima, leo asali yao iende Dar imegongwa muhuri usoni kama barua? Imepokelewa na nani? Nimekasirika, na nakwambia wazi. Kwaheri!"

Akaondoka bila hata kuchukua chupa yake. Kwenye daftari la wageni niliandika: mwananchi ameridhika.

Baadaye nilipata taarifa za kusikitisha. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Adinani, na yule bwana, bila kikao chochote, akamchora nyuki upya kwenye hiyo hiyo programu yake ya mitaani, na mbawa akamwekea. Ijumaa saa sita gari lilipakia chupa zote zilizokuwepo. Kanuni ya nne ilivunjwa mchana kweupe.

Sikuvunjika moyo. Lebo zetu mia sita zilifika safi, na saa nane tulikuwa na uzinduzi wa lebo ukumbini. Kila mgeni aliwekewa lebo moja kwenye kabrasha. Moja niliibandika kwenye chupa iliyobaki benchini, nikaiweka mezani mbele ya Mkurugenzi, aliyekuwa ametoka semina.

Sasa, Ndugu Ezekia ana desturi yake. Ofisini hasomi karatasi, lakini mbele ya kipaza sauti husoma kila kilichoandikwa mpaka nukta ya mwisho. Akavaa miwani, akainua chupa.

"Asali ya Ipole," akasoma. Makofi.

"Imepokelewa." Makofi.

"Nimeona. Nimeona kwamba ameona." Makofi.

"Veneranda, acha kuhangaika. Mkurugenzi hajui faili wala fagio. Asaini tu twende chai. Wilbroad, Afisa Mwandamizi."

Makofi yalianza nyuma kwa mazoea, yakaishia njiani. Wageni wakafungua makabrasha yao kuhakikisha. Wakahakikisha.

Mkurugenzi alitoa kalamu, akaandika dokezo lake chini ya langu, akasaini na kuweka tarehe. Kisha akanisogezea chupa na kipaza sauti.

"Soma," alisema. "Wageni wanasubiri."

Nikasoma: "Nimeelewa. Wilbroad, njoo ofisini kwangu sasa hivi, na ulete funguo."

Walipiga makofi mpaka nikatoka nje.