Nyimbo Kumi za Kumrudisha Mwanakheir

Jumamosi, 2 Agosti 1969

Siku ya tatu bila mke. Nimekula chai na mkate mara tatu. Mara ya tatu bila chai.

Niandike mambo yalivyo, maana kichwa kimenivurugika. Alkhamisi niliifungua redio ya Mwanakheir. Ilikuwa ikikoroma kidogo. Mimi ni fundi saa, nina kibanda changu Darajani, nimefungua saa ndogo kuliko kunde. Redio itanishinda nini? Kuifungua haikunishinda. Zilibaki skrubu tano na kidude cha rangi ya samli ambacho mpaka sasa sijui kwao wapi. Redio kimya! Na aliinunua mwenyewe, kwa kofia alizozidarizi mwaka mzima. Aliitazama, akanitazama mimi, akafunga kibunda akaenda kwa mama yake kijijini Bwejuu. Kasema amechoka kukaa na mtu anayefungua kila kitu lakini kusikiliza hasikilizi.

Nimemwelewa mara moja. Anataka redio.

Na leo, mlangoni mwa klabu yetu ya taarab hapa Kikwajuni, tangazo! Jumapili ya tarehe kumi baada ya alasiri, shindano la kukumbuka nyimbo. Miaka kumi, kuanzia 1959 mpaka 1968. Kila mwaka, wimbo mmoja ulioombwa redioni kuliko zote. Katibu, Bwana Abrahman, atasoma dalili tatu, na wa kwanza kusimama akautaja wimbo anapata alama. Zawadi ni redio mpya ya bendi nne. Imewekwa mezani, imefunikwa kitambaa. Nimekifunua. Nimeambiwa nikirudishe.

Tatizo ni moja tu. Nyimbo alikuwa akizisikiliza Mwanakheir. Mimi nilikuwa nikisikia kelele.

Jumatatu, 4 Agosti

Mpango wa kwanza: Mkadam kinyozi. Jirani yangu, na tumeshindana tangu tulipokuwa chuoni tukisomeshwa juzuu. Redio ya dukani kwake haizimwi, nyimbo zote zimo kichwani mwake. Kazi yangu ni kuzitoa bila yeye kujua.

Asubuhi nimekwenda kunyolewa ndevu. Nikauliza, kama mtu anayepiga soga tu, ni wimbo gani uliotia fora mwaka sitini na mbili. Kasema hakumbuki. Adhuhuri nimerudi. Ndevu hakuna, nikampa kichwa. Je, sitini na tatu? Hakumbuki. Alasiri nimerudi tena, akaniuliza nimebakisha nini cha kunyoa. Nikasema anipunguzie nyusi. Hapo akacheka mpaka wembe ukamtetemeka, akasema na yeye kajiandikisha shindanoni.

Unyusi mmoja umepungua kuliko mwenziwe. Umepungua wote.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili ni Bi Sichana, muuza vitumbua wa karibu na majumba mapya. Hakuna wimbo uliopita Unguja asioujua. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza unyusi wangu umekwenda wapi. Halafu akauliza mke wangu anarudi lini. Nimemwambia shughuli yenyewe ndiyo hii. Kasema nipande gari la shamba nikamchukue, Bwejuu si Ulaya. Maskini, hajafahamu. Nitakwenda vipi bila redio?

Tabu ya Bi Sichana, miaka hajui, wala majina ya nyimbo hana haja nayo. Anajua ugomvi. Kwake kila wimbo una aliyeutuma na aliyepelekewa. Nauliza mwaka sitini, ananijibu ni ule aliopigiwa Bi Shemsa, mke wa Katibu, alipoficha sahani za harusi ya wifi yake. Nauliza sitini na tatu, ananiambia ni ule Bi Time aliomtunza mwimbaji pesa mara tatu, huku akimkazia macho mke mwenzake. Nimejaza kurasa kumi na moja. Mkufu wa kuazima, mbuzi aliyekula maua ya jirani, posa iliyorudishwa. Nikisisitiza jina, ananiuliza jina la nini, na mwenye kupigiwa alikuwa analia pale pale?

Nilipofika sitini na sita akanitazama kwa huruma, akanipa kitumbua bure. Kasema huo nitaujua mwenyewe.

Nimeandika: 1966, kitumbua.

Ijumaa, 8 Agosti

Bahati iliyoje! Bwana Abrahman kaleta saa yake, inachelewa. Alipokwenda kusali Ijumaa aliacha koti lake juu ya kiti changu. Sikutia mkono, sina tabia hiyo. Koti lilianguka lenyewe, karatasi ikatoka, ikakunjuka. Mistari mitatu: nazi nne, bizari, pilipili mbichi.

Dalili tatu!

Nimefunga kibanda nikafikiri. Nne ni mwaka wa nne, yaani 1962. Mambo yananyooka. Sasa, ni wimbo gani una bizari na pilipili mbichi? Labda wa mpishi. Labda wa mtu mkali. Nimezunguka sokoni nikiuliza watu, wakanielekeza wanapouza bizari. Huko huko nimemwona Bi Shemsa akimgombeza Bwana Abrahman kwa kusahau vitu vya jikoni. Sikukaa kusikiliza. Mambo ya mtu na mkewe hayanihusu, na mimi nina shindano.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika kwa taratibu.

Ukumbi ulijaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mkadam kanzu mpya, mstari wa mbele. Wimbo wa kwanza kaupata yeye. Sikujali.

Ukaja mwaka 1960. Dalili ya kwanza, fidla mbili. Ya pili, unataja kabati. Kabati! Sahani! Nilisimama kabla ya ya tatu. Nilipofungua mdomo nikakuta jina la wimbo sina, sijawahi kuwa nalo. Nilicho nacho ni ugomvi. Basi nikasema kwa sauti kubwa: ni ule aliopigiwa Bi Shemsa alipoficha sahani za harusi!

Upande wa wanawake mtu akacheka, mwingine akapiga kigelegele. Wifi yake Bi Shemsa akasimama akasema kumbe kweli sahani zilifichwa, na yeye miaka tisa ameambiwa zilivunjika. Bwana Abrahman akajipangusa uso kwa karatasi ya maswali. Nikamuuliza kama siyo wimbo wenyewe. Kasema ndio wenyewe, lakini hilo silo jina lake. Alama hakunipa! Dhulma ya wazi.

Mwaka 1962 nilisema nazi nne, bizari na pilipili mbichi. Katibu akajipapasa mfukoni, akanikazia macho muda mrefu. Mwaka 1963 nilimtaja Bi Time na mke mwenzake. Mmoja alitoka kwa mlango wa mbele, wa pili kwa mlango wa nyuma, na mume wao akabaki katikati hajui amfuate nani. Ilipofika 1965 watu walikuwa wakiniomba nikae. Wengine wakinihimiza nisimame. Sikujua niwasikilize wepi.

Kisha 1966. Dalili ya kwanza, unaanza kwa mlio wa udi. Ya pili, unamsema mtu anayefungua vitu asivyoweza kuvifunga. Ya tatu, uliombwa wiki sita mfululizo na mwanamke mmoja wa Kikwajuni, akimpelekea mumewe, fundi.

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Wote! Hata Bi Time alichungulia kutoka mlangoni. Nilifurahi, nikaona sasa wametambua uwezo wangu. Nikafungua daftari, nikatafuta sitini na sita, nikasimama wima.

Kitumbua, nikasema.

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Mkadam alingoja kitulie, akainuka polepole kama anayeona haya, akasema "Ulichofungua Kifunge". Ndiyo jina. Jumla kapata alama saba, na redio. Mimi sina hata moja.

Nimerudi nyumbani nimelia kidogo. Si kwa ajili ya Mkadam. Nyumba imekuwa kubwa, na kila nikikohoa nangoja mtu aniambie afya.

Jumanne, 12 Agosti

Bi Sichana kanieleza. Mwanamke wa wiki sita ni Mwanakheir. Fundi ni mimi. Mji mzima ulijua, nilikuwa mimi peke yangu nikiuimba njiani bila habari, na mara moja, anasema, nilimtunza mwimbaji.

Kwanza nilitaka kukasirika. Halafu nikafikiri. Wiki sita! Wimbo wa kwanza Unguja nzima, mwaka mzima, kwa ajili yangu! Wangapi wamepata mke wa kuwafikisha huko? Nimekisafisha kibanda, maana sasa ni cha mtu mashuhuri.

Mchana alipita shemeji yangu Miraji, dereva wa gari la shamba. Kaniambia kesho nafasi ipo mbele, nauli hataki. Kasema dada yake kila gari likisimama hutoka mlangoni, anaangalia nani anashuka, anarudi ndani. Moyo ulinipasuka. Nilitaka kupanda vile vile nilivyo, na mafuta ya saa mikononi. Lakini nikajizuia. Nikamwambia amwambie asubiri, redio iko njiani. Miraji kaniuliza iko njiani wapi. Nimemwambia hilo ndilo ninalolishughulikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya sala nimekaa kwa Mkadam. Tumepatana, yaani yeye kapatana nami. Redio mpya iko juu ya kabati, inasikika mpaka barabarani.

Kilikuwa kipindi cha salamu. Mtangazaji kasema: kutoka Bwejuu, mtumaji hakutaka jina litajwe, kwa anayejijua, Kikwajuni, wimbo "Njoo Hivyo Hivyo". Safari hii nilisikiliza neno kwa neno. Mwanamke anamwambia mumewe hataki zawadi, hataki kitu. Mlango hakuutia komeo. Aje tu, akae, amsikilize kidogo, watarudi pamoja.

Machozi yamenitoka, siyaonei haya. Nilipoinua uso, Mkadam kaweka wembe chini. Duka zima linanitazama. Mkadam kasema gari la Miraji linaondoka saa nane, na sasa ni saa saba na nusu. Nimemshukuru kwa kunikumbusha saa, kazi yangu hiyo. Nikawauliza kama wanamjua huyo mwanamume. Mkadam kashika kichwa.

Mtu ana bahati yake. Mke wangu anataka redio ya bendi nne, wa mwenzangu hataki hata pipi. Kesho nitapita Kikwajuni nyumba kwa nyumba mpaka nimpate mwanamume huyo. Mtu aliyeambiwa aende hivyo hivyo, redio yake ataifanyia nini? Ataniazima.