Mpiga Picha Rasmi wa Harusi ya Koyama

Jumatatu, 3 Februari 2025. Kismayo.
Fursa imejitokeza. Iman, binti wa dada yangu Barke, atapambwa kisiwani Koyama Alhamisi, na mabibi wa ukoo wametoa uamuzi: simu zote zitatiwa pakachani mlangoni. Mwaka jana picha ya bibi harusi mmoja ilizunguka hadi kwa wavuvi wa Chovae. Aibu ilioje! Lakini Barke yuko Norwe, hakupata kibali cha kusafiri, na anaomba walau picha moja ya mwanawe siku hiyo. Wifi yangu Zakiya, ajiitaye mpiga picha kwa kuwa simu yake ina macho matatu, amebaki mikono mitupu. Mimi nina kamera ya filamu ya marehemu baba. Haimtumii mtu picha. Niliiwasilisha hoja hiyo kwa ufasaha. Nimeteuliwa. Nimemwapia Barke kwamba atamwona mwanawe. Kilichosalia ni kujifunza kuitumia.

Jumanne, 4 Februari.
Mazoezi. Filamu imeingia, baada ya mapambano. Zakiya aliuliza mbona naishika kamera kama kaa aumaye. Mwenye cheo hajibizani. Nilimpiga picha mpaka akachoka kusimama. Ndipo aliponiarifu kwamba kifuniko bado kimeziba kioo. Nilimweleza kuwa leo nilikuwa nafundisha kidole tu.

Alhamisi, 6 Februari. Koyama.
Ushindi. Iman, hina mpaka viwikoni, uso kama mbalamwezi. Kila nilipobonyeza, wanawake walipita nyuma ya kamera kuitafuta picha. Niliwahutubia juu ya subira. Filamu nimeimaliza yote. Zakiya aliketi kando ya pakacha, akiitazama simu yake kama mama aliyepokonywa mtoto. Furaha niliyoipata si ya kiungwana. Niliipata hata hivyo.

Ijumaa, 7 Februari. Kismayo.
Wakati wa kurudi, wimbi liliingia botini. Kamera ikalowa chapachapa. Wengine wangepiga mayowe. Mimi ni mwana wa visiwani: kilicholowa huanikwa. Nikaifungua kamera, nikaivuta filamu yote, nikaitandaza uchanjani kando ya papa wa jirani. Adhuhuri nikaigeuza ipate jua pande zote. Zakiya akapita. Akauliza kwa Kibajuni chake, "Wifi, kuna mchu aanikae picha?" Nikamjibu kwamba ndiyo tofauti baina ya mtaalamu na mwenye simu. Jioni ilikuwa kavu, nzuri ajabu. Kesho Abdulrazaq, mume wa Zakiya, ataipeleka studio Mombasa ikasafishwe.

Jumatano, 19 Februari.
Ujumbe wa sauti kutoka kwa Abdulrazaq. Fundi wa studio asema filamu ni nyeusi tititi, mwanzo hadi mwisho, tena inanuka papa. Auliza ni nani aliyeifungua juani. Swali la utovu wa adabu.
Kisha Barke akapiga simu. Alikuwa ameshanunua fremu. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu; nilipofika kwenye "nyeusi tititi" akaanza kulia. Zakiya akaichukua simu mkononi mwangu, akawasha video. "Barke mamangu, jifute uso, umwone mwanao."
Kumbe, tangu ulipofika ule ujumbe, alikwisha mwita Iman kutoka nyumbani kwa bwana harusi, akamvisha nguo zile zile za kupambwa, na hina ilikuwa bado haijafutika. Barke alilia, akacheka, akapiga vigelegele huko Norwe mpaka jirani akamgongea ukuta. Tulisikia sote. Nami nililia, kidogo, kwa sababu za kitaaluma.

Alhamisi, 20 Februari.
Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Zakiya alifanya vyema. Lakini ahadi ilikuwa yangu, na ahadi imetimia. Fundi ashikilia kwamba kosa ni la jua. Fundi hajapata kuishi visiwani. Jua limetulisha tangu enzi za mababu. Halijapata kuharibu kitu kilichoandaliwa ipasavyo. Kosa ni moja, nami nimeligundua mwenyewe: niliianika filamu kabla haijakolea chumvi. Hata papa angeoza.
Fardowsa, binti mwingine wa ukoo, ataolewa huko Darakasi baada ya Idi. Mabibi nimekwisha wahutubia. Chumvi nimekwisha nunua.