Mwizi wa Moto Nyumbani kwa Bibi Zakiya

Kitu cha kwanza nilichokiona ni lebo ya dukani. Ilining'inia kwenye blanketi, na ndani ya blanketi, kwa maneno ya Mutasim, kijana aliyekuja kuiuza, mlikuwa na picha ya miaka mia mbili.

Mutasim aliiona nafasi yake msibani. Alimsikia bibi yangu Zakiya mlangoni akilalamika kuwa majirani zake wote wa mtaa wetu wa Madinat Sultan Qaboos wana kitu cha kale ukutani, yeye ana saa tu. Khitma haijesha, Mutasim keshapanga. Akenda mtaa wa Darsait kwa Omondi, fundi wa fremu anayechora pia, akamwekea rehani jambia la marehemu baba yake, akapewa picha ya rangi za mafuta. Ilimbidi aiuze upesi alikomboe: Ijumaa nduguye anaoa, na ndugu wa bwana harusi hasimami bila jambia kiunoni.

Akaifunua sebuleni. Mtu amefungwa minyororo mwambani, tai anamdonoa ini.

"Nani huyu?" bibi aliuliza.

"Prometheus, bibi. Wagiriki wa kale wanasema aliiba moto mbinguni akawapa watu, ndipo akaadhibiwa."

"Mwizi, basi."

"Mwizi mwenye moyo mzuri."

"Wote husema hivyo. Na mbona hakuvaa?"

"Ana kitambaa, bibi. Tazama vizuri."

"Nimetazama vizuri. Ndiyo maana nauliza."

Mutasim akasimulia jumba la Ulaya ilikotoka, na machozi ya babu yake kila alipoitazama. Bibi akaisogelea.

"Mashallah. Nzuri kweli."

Hapo ulimi wa Mutasim, uliodanganya tangu asubuhi bila kujikwaa, ukatamka alichofunzwa na mama yake kumwambia kila anayesifu kitu chake:

"Ni yako, bibi. Chukua."

Mwenye adabu hushukuru, akakataa. Bibi akasema, "Nimekubali, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Bibi, nilikuwa nna maana..."

"Unataka kurudisha ulichotoa? Mbele ya mtoto huyu?"

Mtoto huyu ni mimi, na sinia yangu ya kahawa.

Omondi ndiye aliyeitwa kuja kuitundika. Aliitambua kazi ya mkono wake, akatusimulia yote huku akipiga misumari, akarudi zake kwenye jambia lake jipya. Katika picha za harusi Mutasim ameshikilia tumbo kwa mikono miwili, kama aliyedonolewa ini.

Sikumwambia Mutasim, nasema sasa: bahasha ya pesa ilikuwa tayari chini ya mto alioegemea bibi. Alikuwa anangoja tu kutajiwa bei.