Vita vya Olive na Mbao za Jikoni

Sogeeni, enyi watu wa Rugenge na wa kando yote ya ziwa. Tueni ndoo, zimeni redio zenye habari za majenerali, mpate kusikia habari za Olive binti Damien, mwali mwenye sauti ndogo kuliko ya panya kwenye unga, aliyeitangazia vita sakafu ya jikoni kwa mama yake.

Ilikuwa katika miaka ile ambayo majeshi yalipokezana Uvira, na kila jeshi likiingia lilifika na njaa. Askari waling'oa milango ya watu wakapikia maharage. Ndipo Damien, fundi wa mitumbwi, alipozipigilia mbao za sakafu ya jikoni kwa misumari mirefu ya mtumbwi. Wakaja hawa, wakashindwa. Wakaja wale, wakavunja visu, wakaondoka wakitukana. Damien akafariki na heshima yake, mbao zikabaki.

Lakini sasa zilikuwa zimevimba na kupinda kama mawimbi, na balatumu mpya ya plastiki ya kutandika sakafuni, yenye maua mekundu, aliyoinunua mama Bujumbura, isingelala juu ya mawimbi.

"Nitazitoa miye," alisema Olive, na mwenyewe akashtuka kusikia.

Kaka yake Sévère, bingwa wa kukaa kitini, akasimama akahutubia:

"Weye? Enyi kuta, shuhudieni! Sakafu iliyoshinda waasi na serikali, leo inapigana na mutu anayeogopa kuomba chumvi dukani! Basi sikia: jua likizama mbao ziko pale, balatumu ni ya saloni yangu, penye kiti changu."

Olive akajifunga kitenge, akatwaa mtarimbo, akapanda juu ya ubao wa kati kama jemadari juu ya kilima. Kwa mbao hakuwa na haya.

"Ewe ubao uliyewazuia wanaume wenye bunduki, jisalimishe!"

Akavuta. Ubao ukalia, haukutoka. Akavuta mpaka jasho likamwingia machoni, akawaita watakatifu wote aliowajua na wawili aliowabuni. Jua likaikaribia milima ya nyuma ya mji. Akaamini kabisa kwamba baba yake ameushika ubao kutoka chini.

Mama Pudentienne, aliyekuwa mlangoni akichambua lengalenga, akanyoosha shina moja la mboga.

"Olive, mwanangu. Huo ubao unaouvuta, ni nani iko amesimama juu yake?"

Shujaa akainamisha macho. Akaiona miguu yake mwenyewe.

Akashuka taratibu, kama kwamba ndiyo mbinu aliyoipanga tangu asubuhi. Akavuta. Misumari ikapiga mayowe, ubao ukaruka, naye akaangukia beseni la unga wa muhogo. Sasa mtarimbo ulikuwa na pa kupenya, na mbao zilizobaki zikasalimu amri moja moja kabla jua halijazama, ukabaki udongo mgumu, tambarare.

Sévère akaingia na kamba, tayari kuifunga balatumu aichukue.

"Yaya," Olive akamwita kaka yake mkubwa, akiwa mweupe kwa unga tangu nywele hadi kucha, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani, "itandike hapa. Na uvue viatu."

Sévère akavua viatu.

Kuhusu vile vita vikubwa, watu wa Uvira wanabishana hadi leo ni nani aliyeshinda. Kuhusu hivi, hakuna ubishi.